Nusu Saa ya Kwanza

Alhamisi jioni, Ulaanbaatar,
baridi imeshuka nyuzi thelathini chini ya sifuri,
moshi wa makaa umelala juu ya mji
kama blanketi lisilofuliwa.
Tunapanda ngazi za maktaba ya zamani ya reli
hadi ghorofa ya tatu, kwenye mlango ambao kitasa chake kimefungwa kwa waya,
kila mmoja amekumbatia kompyuta yake ndani ya koti
kama mzazi anayetoka wodini na mtoto mchanga.

Ukutani, kwa wino mwekundu, neno moja:
USIWASHE.
Mashine iliyotoka kwenye baridi hutokwa na jasho,
na jasho likipenya ndani
kwaheri mshahara wa miezi mitatu.
Basi tunazipanga mezani, tunazifunika taulo,
nasi waandishi wa programu, mikono mitupu,
tunabaki na midomo tu.

Hapo ndipo darasa huanza,
ingawa ratiba inasema ni muda wa chai.

Khuyag anasimulia alivyofuta kanzidata ya zahanati ya mifugo:
farasi elfu mbili na mia tatu,
majina, chanjo, rangi za manyoya,
vyote kwa amri moja aliyoiandika akiwa na usingizi.
"Nakala hukuwa nayo?"
"Nilikuwa nayo," anasema, anakunywa chai,
"ndani ya kanzidata ileile."
Tunacheka mpaka miwani inaingia ukungu.
Lakini nawajua watu sita
ambao usiku ule walinakili kazi zao
kabla hata ya kuvua viatu.

Nomindari ameleta kurasa arobaini, bado zina joto la printa.
Ni mwongozo alioutafsiri mwenyewe kwa Kimongolia,
kwa ajili ya mdogo wake aliyeko jangwani.
Neno la kitanzi lilimsumbua siku tisa.
Mwishowe akaliomba kwa wafugaji:
kamba ya kumfungia ndama,
azunguke, azunguke, asipotee.
Tunagombania nakala kama watoto.
Zilikuwa kumi na mbili, sisi tulikuwa kumi na tisa.

Mimi, nikiri, nilikuja kwa ajili ya maandazi ya nyama.

Kisha Dulmaa akanyoosha mkono.
Ana miaka sitini na mmoja, alipanga ratiba za treni
mpaka ratiba zikajifunza kujipanga zenyewe.
Hana kompyuta. Ana daftari la mistari,
na programu zake huziandika kwa kalamu ya risasi,
akikosea anafuta kwa raba, anapuliza.
"Kwa nini mnaanza kuhesabu na sifuri?"
Vijana watano wakamjibu kwa pamoja:
kumbukumbu, anwani, umbali kutoka mwanzo,
maneno mengi kama mvua juu ya bati.
Akawasikiliza wote. Akatikisa kichwa.
"Aa. Basi ni kama njia ya reli.
Jiwe la pale stesheni limeandikwa sifuri.
Upo, una tiketi, umeaga watu,
ila hujaenda popote bado."

Chumba kikanyamaza.
Miaka minne chuo kikuu,
na hakuna aliyewahi kuniambia hivyo.

Enkhjin akapapasa kifuniko cha mashine yake kwa kiganja.
"Zimekauka," akasema.
Taulo zikaondoka, skrini zikawaka moja baada ya nyingine,
nyuso zikawa za buluu,
na kila mtu akainamia kisima chake
asisikie tena jirani akiteka.

Yangu niliiacha imefunikwa.
Mtu akaniuliza, nikasema bado ina unyevu.
Ilikuwa kavu kama mfupa.
Nikavuta kiti hadi lilipo daftari,
Dulmaa akanisogezea raba
bila kuinua macho.