Niwekee Simu Karibu na Chungu

Ulipopanda basi la Urambo kwenda kumuuguza mama
uliniachia funguo, watoto watatu na matuta saba.
Ukanipigia kelele dirishani, injini ikinguruma:
"Usimwagilie saa sita! Utaupika mchicha ungali tutani!"
Nikaitikia kwa kichwa, kama mteja
anayeambiwa redio yake imeungua nini.

Mimi fundi redio, Nyamizi.
Mkono wangu unaujua waya mwembamba kuliko unywele,
jembe haulijui.
Siku ya kwanza nilimwagilia saa sita.

Mchicha ukalala wote, kama wagonjwa wa wodi moja.
Kalunde akanitazama, mikono kiunoni, vilevile unavyosimama wewe:
"Baba, mama alisemaje?"
Nikajifanya natafuta bisibisi.

Hapa Cheyo sasa hivi ni mchanga na upepo.
Bomba linatoka Jumanne, likipenda.
Maji ya kuoshea mchele yanakwenda kwenye bamia,
ya kunawia yanakwenda kwenye nyanya chungu,
ya sabuni –
basi, tusiyataje. Tuta la pilipili halipo tena.

Kuku wa Bi Mwasiti waliuvuka ua wa mabua.
Nimeuziba kwa antena mbovu na migongo ya televisheni;
jua likipiga, ua wetu unawaka kama duka la Mhindi.
Kuku wanaogopa. Mwenye kuku anacheka.
Lakini ndiye aliyenionyesha, bila kuombwa,
kwamba matembele hayang'olewi, yanachumwa ncha,
na ukiyachuma yanakasirika, yanatambaa zaidi.

Upande wa chakula sitakuficha.
Wiki ile watoto walikula ugali kwa dagaa,
na ugali kwa dagaa,
na ugali kwa lawama.
Mlenda wangu wa kwanza haukuvutika,
magadi niliyatia kwa woga, chembe kwa chembe;
Mihayo akauita maji ya bwawani.
Wa pili ulivutika
kutoka bakulini hadi kwenye fulana ya Wande,
na fulana ile nimeiloweka mara tatu, bado inakumbuka.

Jana nikathubutu kisamvu.
Nilikitwanga asubuhi, kinu kikinitoa jasho la aibu,
nikakichemsha hadi ile harufu ya ubichi ikakata tamaa.
Nikatia nyanya zetu tano zenye makovu,
na kitunguu cha sokoni, maana vyetu
bado ni vidogo kama betri za saa.
Karanga nilizitwanga kimya. Wewe hutwanga ukisimulia,
mimi nilikuwa nahesabu.
Nikazimimina, nikakoroga polepole,
kama mtu anayetafuta stesheni ya mbali usiku.

Ndipo ukapiga.
Sauti yako ilikuwa na mikwaruzo,
na mikwaruzo ya mtandao naijua, haikuwa hiyo.
Sikuuliza mama ameamkaje.
Nilisema, "Napika kisamvu."
Ukanyamaza. Nyuma yako mtu akakohoa, ndoo ikaburutwa sakafuni.
Kisha: "Niwekee simu karibu na chungu."

Nikaiweka juu ya kinu kilichopinduliwa.
Karanga zikawa zinasema yao, puku, puku,
mvuke ukatanda kwenye kioo, jina lako likafifia.
Watoto wakaja na sahani zao,
wakachuchumaa, hakuna aliyewaambia wanyamaze.
Dakika tatu. Nne. Vocha ilikuwa yako, sikukumbuka.
Nilikisikia kiti chako kikilia, kama mtu aliyeegemea vizuri
kwa mara ya kwanza tangu Jumapili.

Halafu ukasema, kwa sauti yako ya matutani:
"Punguza moto. Kinaanza kushika chini."

Nikatia mwiko.
Kweli, kilikuwa kinashika.
Mimi, fundi, sikuwa nimekisikia.