Mstari Mtupu

Mwanasheria wa Sheffield alitaka majina kwa alfabeti.
Fomu yake ndivyo ilivyo, haibembelezwi.
Saa nne usiku, tramu ya mwisho ikikwaruza mlima,
nikafungua programu yangu ya kuandikia,
niliyoiunda mwenyewe kwa majira mawili ya baridi,
nikaliita daftari la Mama, nikaiambia: nakili.

Ikanakili. Au nilidhani.
Kumbe daftari nililipa jina la pili tu,
kama kaka yangu, nyumbani Mkubwa,
kiwandani Bwana Shali:
mzabe kofi kiwandani, shavu litavimba nyumbani.

Nikabonyeza: panga.

Kidirisha cha kulia, majina yakakaa foleni.
Kidirisha cha kushoto, ambacho sikukigusa,
ambamo Mama alinitajia wanawe mmoja mmoja
akimenya viazi, kisu hakisimami,
Zaituni akaporomoka toka kileleni hadi mkiani,
Badru akampita Shekue aliyembeba mgongoni,
na mimi, Atiki, kitindamimba,
mrithi wa viatu vilivyokwisha visigino,
nikawa kifunguamimba
bila mtu kushikwa na uchungu.

Nilicheka peke yangu jikoni.
Nikataka hata kumwamsha Zaituni kwa simu,
nimwambie aniamkie.

Kisha nikaona kuwa wa kwanza si mimi.
Juu yangu palikuwa na mstari mtupu.

Nikaukumbuka. Ulikuwa katikati,
baada ya Mkubwa, kabla ya Badru.
Siku ile nilidhani kidole kimeteleza,
nikawa naufuta, Mama akasema, "Uache hapo,"
akachukua kiazi kingine.
Nami sikuuliza. Nyumba hii ya Burngreave
ina kuta nyembamba na maswali machache.

Kwa mashine, kisicho na herufi hutangulia A.
Haikukusudia heshima. Haikukusudia lolote.

Nilitafuta kitufe cha kutendua:
sijakiunda bado, nakiahirisha tangu Machi,
na faili lilikuwa limekwisha kujihifadhi, hodari.
Basi nikawarudisha kwa mkono,
kwa kumbukumbu ya nani alivaa koti la nani:
Zaituni, Shekue, Mkubwa,
nikabonyeza mara moja, pakawa patupu,
Badru, mimi.

Usiku huohuo nikairekebisha programu.
Sasa nakala ni nakala, kila moja na mwili wake.
Kazi ya mistari minne. Ningeifanya zamani.

Asubuhi mvua ilikuwa ya Sheffield, haipigi, inakaa.
Mama alikuwa akipoza uji.
Nikamuuliza ule mstari ni wa nani.
Alikoroga mpaka nikadhani hakunisikia.

"Alikaa siku sita," akasema.
"Jina hutolewa ya saba."

Akanisogezea bakuli.
Nilimpelekea mwanasheria majina matano.