Mkufu wa Bonane

Mkebe wa biskuti ulikaa juu ya kabati miaka kumi na mmoja.
Ndani mlikuwa na hati za mshahara za baba,
za miezi aliyolipwa kule kwenye tanuri la shaba
na za miezi aliyofanya kazi bure.
Hizo ndizo nyingi.

"Karatasi haisahau," alizoea kusema,
akazihesabu kila mwisho wa mwezi
kama mtu anayehesabu kuku wa jirani.

Desemba hii mvua ya Katuba haikubisha hodi.
Yumba, kitinda mimba wetu, akauliza Noeli imefika wapi.
Mama akautazama ukuta.
Ndipo baba akapanda kiti,
akaushusha mkebe, akapuliza vumbi:
"Leteni makasi."

Hakuna aliyesogea.

"Makasi, nimesema. Nimechoka kuzihesabu."

Basi sikia inavyofanywa, si kazi ngumu.
Chukua Machi, ule wa mwaka wa njaa,
uukunje ukingoni, upana wa kidole,
ugeuze, ukunje tena, ugeuze,
mpaka jina la baba limezwe na mikunjo.
Kaza kiunoni kwa uzi wa shaba
(nyumba yetu ilikosa sukari, shaba haikukosa kamwe),
kisha fungua mbavu zake huku na huku:
Machi ni kipepeo.

Aprili, Mei na Juni vikate vipande virefu,
pete ndani ya pete, pete ndani ya pete.
Gundi ni bukari ya jana iliyopondwa kwa maji ya moto.
Wekundu tuliuchemsha kwenye ngai-ngai,
weusi ulitoka kwenye makala,
na ile rangi ya chai pembeni hatukuipaka sisi;
miaka iliipaka yenyewe.

Nyota ya Yumba ilitoka na ncha saba, moja fupi.
Akasema hiyo fupi ndiyo iliyochoka njiani
kwenda Betlehemu.

Vidole vya baba, vilivyozoea koleo na chuma kinachotokota,
mwanzoni viliiogopa karatasi.
Vikachana Septemba. Vikachana Oktoba.
Akacheka, mara ya kwanza tangu mvua zianze,
kisha akaketi mgongo kwetu, kimya,
na alipogeuka alikuwa na kadi ya mama:
pale palipoandikwa *jumla ya kulipwa*
alikuwa amekata kijilango,
kinafunguka, kinafungwa.

Mama akafungua. Akasoma kilichoandikwa nyuma yake.
Akafunga.
Akaichomeka kadi kwenye pindo la kitenge,
akaenda kugeuza sombe iliyokuwa haihitaji kugeuzwa.
Mpaka leo hatujaambiwa.

Jioni Mama Kalenga alichungulia dirishani.
Tulificha bakuli la bukari,
tukijua atasema tunachezea chakula.
Alitazama mkufu uliozunguka chumba,
akapapasa pete moja, akasoma mwaka,
akasoma namba ya idara.
Akaondoka bila kuaga.

Alirudi na bahasha iliyofungwa kwa utambaa mweusi.
Marehemu mumewe alikuwa zamu moja na baba.
"Za kwake hizi," alisema. "Ongezeni."
Baba alisimama wima kama yuko langoni pa kiwanda,
akaipokea kwa mikono miwili.

Tulikunja mpaka makala yakawa majivu.
Mkufu ukamaliza ukuta, ukatoka dirishani,
ukavuka ua wa mianzi, ukapita juu ya kamba ya nguo,
ukaingia kwa Mama Kalenga, ukafungwa
kwenye msumari wa picha ya mumewe.

Bonane imepita, mapambo ya wengine yamekwisha tupwa.
Wetu mkufu bado uko.
Usiku upepo ukishuka toka mlima mweusi wa mabaki ya shaba,
miezi inasuguana gizani, ya baba na ya marehemu,
na wewe uliyelala nusu ungeapa
kuna mtu ukumbini
anahesabu noti, polepole, hakosei.