Nakala Namba 412

Luhende, umeniuliza kama lile boksi linastahili bei yake.
Nimelifungua jana, umeme uliporudi saa tatu usiku,
kwa kisu cha kuparia sato, maana kucha zilishindwa na nailoni.
Wakusanyaji wangenilaani. Wao huliacha na nailoni yake kabatini
thamani ipande. Mimi sikununua thamani.
Nilinunua kile chombo kilichobeba maji
kuyapeleka kwenye sayari ya kutu.

Ni la bati, zito kuliko nilivyodhani,
limebonyea kona moja: posta hawajui maana ya toleo maalumu.
Ndani, diski mbili, kijitabu, picha sita ukubwa wa kadi ya harusi,
na cheti kwamba mimi ni wa mia nne na kumi na mbili
kati ya watu elfu tatu duniani.
Nikacheka. Pale Mabatini, kwenye banda la Sospeter,
siti yangu haikuwa na namba. Ilikuwa kreti la soda,
nusu langu, nusu lako.

Picha, basi. Picha imeoshwa.
Zile nyota tulizodhani ni vumbi la kaseti
kumbe ni nyota; nimezihesabu nikachoka.
Nimeona jasho juu ya mdomo wa injinia.
Nimeona uzi unaoning'iniza chombo angani,
uzi, Luhende! mwembamba kama wa kuvulia furu,
na sikukasirika. Kuna mtu aliufunga kwa vidole vyake.
Ila giza limekuwa giza mno.
Kwetu anga lilikuwa na rangi ya mawe ya Igogo mvua ikishapita,
kwa sababu runinga ya Sospeter ilikuwa inakufa,
na mpaka leo, ukiniuliza, anga la juu lina rangi hiyo.

Sauti: injini inanguruma hadi vikombe vinagongana.
Jirani amepiga ukuta. Alama zote.
Wameweka lugha tatu, na maelezo ya mwongozaji
anayelalamikia bajeti kwa saa mbili.
Nikabonyeza, nikabonyeza, nikiitafuta ya nne:
Ndalahwa na kipaza sauti alichokifunga kwa mpira wa baiskeli,
akimpa kapteni lafudhi ya Magu,
akisimamisha vita ili atangaze
kwamba mwenye pikipiki nyekundu kaziba mlango wa mama lishe.

Sasa sikia kilichoninyima usingizi.
Nyuma ya boksi wameandika kwa fahari:
dakika nne zilizopotea zimerudishwa.
Unazikumbuka? Pale deki ilipotafuna utepe,
chenga zikajaa kioo kizima
kama wadudu wa ziwani walioona taa,
na Ndalahwa, bila hata kumeza mate, akaendelea:
injinia anafungua mlango wa hewa, anamvuta bintiye ndani,
anamwambia, "Maji yatafika. Na wewe utafika."
Tuliona. Wewe ulilia, ukasingizia moshi wa dagaa.

Hakuna mlango. Hakuna binti.
Katika dakika zilizorudishwa injinia anakula
supu ya kopo, peke yake, taratibu,
anaosha kijiko, anakitazama.
Basi.
Ni nzuri. Naapa ni nzuri; mkono unamtetemeka kidogo tu,
nilirudisha nyuma mara tatu.
Nimeuelewa mwisho wa filamu ile nikiwa na miaka arobaini na moja,
na nimefiwa na mtoto
ambaye hakuwahi kupigwa picha.

Kwa hiyo, hukumu. Kijitabu ni karatasi nzito, habari nyepesi.
Bei ni ya wizi. Mwizi mwenyewe ana mkono mzuri.
Usinunue la pili. Panda feri ya asubuhi hapo Nansio
tuiangalie yote, na kijiko chake.
Halafu tutarudi dakika ya hamsini na moja,
nitazima sauti,
na wewe utasema, maana maneno yote unayo,
ulikuwa unayarudia kitandani mpaka mama anakemea.

Njoo na karanga. Kreti ninalo.