Nafasi ya Arobaini na Moja

Mhandisi alikuja Jumatatu na nyundo ndogo,
akagonga nguzo moja moja
kama daktari anayesikiliza kifua.
Ghorofa ya kwanza: ngo.
Ya pili: ngo, ngo.
Ya tatu, karibu na ngazi: bu.
Akarudia. Bu.
"Chumvi ya hewa imekula nondo," akasema,
na plasta ikamdondokea miguuni
kama kumuunga mkono.

Basi, jengo letu la maegesho la Kisutu linavunjwa.
Pale patasimama mnara wa vioo,
na magari yatalala ardhini, ghorofa tatu kwenda chini,
lango likifunguliwa na mashine
isiyojua kusema, "Njoo, njoo, kata kulia, bosi, hapohapo."

Mimi silililii zege.
Ngazi zake zinanuka mkojo tangu enzi za ruksa.
Masika yakinyesha nje leo,
ndani yatanyesha kesho na keshokutwa.
Miaka kumi na tisa nimekata tiketi humo,
mgongo wangu unalijua kila tone.
Na livunjwe.

Ila juu, nafasi ya arobaini na moja,
ipo Datsun rangi ya tangawizi,
matairi yamebonyea, imejikalia
kama mtu aliyechoshwa na foleni ya benki.
Namba yake bado iko kwenye A;
wenzake mjini wamefika E.

"Gari la nani hili? Funguo anazo nani?"
Vijana wa kuosha magari wakajibu kwa pamoja:
"Sikujua."
Mhandisi akakunja uso, akaandika: mwenyewe hajulikani.
Ikabidi nipande ngazi nimweleze
kwamba Sikujua ni mimi,
jina nililopewa na mama
aliyeigundua mimba yangu mwezi wa sita,
na funguo ninazo.

Ni za Bwana Mavji, fundi cherehani wa Mtaa wa Jamhuri,
aliyewashonea suti mabwana harusi wa nusu ya mji
na mwenyewe hakuoa.
Asubuhi ile alinipa funguo dirishani,
futi ya kupimia ikining'inia shingoni, mkono kifuani.
Teksi inamngoja.
"Sikujua, nafika Muhimbili mara moja. Narudi sasa hivi."

Sasa hivi ile ina miaka kumi na mitatu.

Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe.
Gari unalipa jembe gani?
Kila Ijumaa nililifuta vumbi,
na kila Ijumaa nikaandika deni,
maana kazi ni kazi.

Tangazo langoni lilitoa siku kumi na nne.
Siku ya kumi na mbili akaja Kibwana Mshamu,
aliyekuwa akimtungia sindano Bwana Mavji,
leo ana duka lake Kariakoo na kitambi chake.
Tukafungua buti:
koti la kijivu, bandi nyeupe bado ziko mishononi,
mkono mmoja umeshapachikwa, wa pili haupo.
Kibwana akalijaribu. Halikumtosha.
Hakuna aliyesema lilikuwa la nani.

"Deni kiasi gani, dada?"
Nikafungua daftari.
Saa laki moja na elfu kumi na tatu na ushee,
shilingi mia tano kwa saa.
Nikaiingizia mashine ya malipo,
mashine ikalia, ikafuta.
Nikaingiza tena. Ikafuta.
Ina nafasi ya tarakimu nne tu,
waliyoitengeneza hawakumfikiria mtu wa kuchelewa hivi.

Nikafikiri.
Yeye aliniambia sasa hivi.
Nikaandika: saa moja.
Nikalipa mia tano kutoka kwenye pochi yangu
na risiti nikaiweka juu ya dashibodi, kihalali.

Wanaume wanne waliisukuma kwenye mteremko,
Kibwana akiwa kwenye usukani, jasho linamtoka, breki hazishiki.
Kwenye kona ya ghorofa ya kwanza alibonyeza honi,
mazoea tu.
Honi haikulia.
Vijana wa kuosha magari wakalia badala yake,
kwa midomo, hadi barabarani:
pii, piii.