Mlango wa Shaba

Saa tisa usiku, Kajaani. Theluji imeziba dirisha
la kiwanda cha mikate, nami, unga hadi viwikoni,
nangoja kinyunga cha shayiri kiumuke
huku nikiandika kwa kidole kimoja:

"Mbele yenu mlango wa shaba. Hauna kitasa.
Upande wa pili kitu kinapumua. Mnafanya nini?"

Kisha nangoja.
Wengine huketi meza moja, wakamwaga soda, wakarusha dadu,
wakapigiana kelele hadi jirani agonge ukuta.
Meza yetu sisi ina miguu minne katika nchi nne,
na hakuna aliyewahi kusikia mwenzake akikohoa.

Dalibor, fundi wa lifti huko Ostrava, hujibu saa ya chakula,
maneno manane, tisa akishiba:
"Ngao anautazama mlango. Mlango haumpendezi. Anatema mate chini."
Anselmo wa Pelotas hujibu Jumapili, kurasa tatu:
Padri Majivu akumbuke mama yake, vita, harufu ya kitunguu,
na mwisho kabisa, macho yangu yakishachoka,
"anawasha taa."

Wietske ndiye Kidole, mwizi wetu.
Anafundisha hesabu Groningen, huandika ndani ya treni,
na sentensi zake hukatika treni ifikapo kituoni
zikamalizikia kesho yake.
Tarehe tatu Novemba aliandika:

"Kidole anapiga magoti. Anatoa waya mwembamba. Anaweka sikio"

Basi.
Hata nukta hakuna.

Kanuni ninayo, niliitunga mwenyewe:
mtu akinyamaza siku tano, namrushia dadu mimi.
Siku ya tano nikaitoa mfukoni mwa aproni,
pande ishirini, kona zimelika.
Siku ya sita nikairudisha.
Dalibor akaandika: "Ngao anaketi. Anavua kiatu. Kumbe kina jiwe."
Anselmo akapika supu. Kurasa nne za supu.

Wiki tano tukaishi kwenye sakafu ile ya mawe,
Ngao na malengelenge yake, Padri na sufuria,
na mwanamke aliyepiga magoti, sikio karibu na shaba,
asiyefika, asiyerudi.
Joka nililolitunga lipumue kwa hasira
nikalilaza. Ningefanyaje?

Nje ya mchezo hatuulizani.
Sijui kama ana mume, paka, au madeni.
Najua hawezi kupita mlango uliofungwa.
"Uko salama?" Mara saba niliandika, mara saba nikafuta.
Usiku ule mikate ikaungua, safu nzima,
nikamwambia bosi ni kosa la kipimajoto.

Tarehe kumi na mbili Desemba
simu ikatetemeka juu ya gunia:

"kwenye shaba. Samahani. Baba yangu.
Nitaeleza, au sitaeleza. Mlango bado umefungwa?"

Bado, nikaandika.
Na Dalibor, ambaye sikujua huwa macho saa hizo:
"Ngao anamsogezea Kidole supu. Imepoa."

"Basi naufungua."

Nikairusha dadu juu ya meza ya kukandia.
Ikabingirika, ikachora kijia kwenye unga,
ikagonga mizani, ikasimama.

Moja.

Moja, baada ya siku thelathini na tisa!
Subira huvuta heri, wanasema.
Hii ilivuta moja.
Ningeweza kuigeuza kwa ukucha; nani angeona, mikate?
Nikakaa nayo dakika nzima.
Kisha nikaandika yaliyotokea:
waya umekatika, umelia kwenye shaba kama kengele,
na huko ndani, lililolala limeamka.

Jibu likaja kabla sijafuta mikono.

"Hatimaye," aliandika. "Kidole anacheka
mpaka machozi. Anachomoa kisu.
Nani yuko nami?"

Pelotas, jua bado halijachomoza na si Jumapili.
Nikatoa mikate.
Nikangoja.