Nusu Milimita

Uvimbe wenyewe ni kokwa ya zabibu.
Si zabibu. Kokwa.
Nao umejibanza nyuma ya mfupa
ndani ya kichwa kisichojaza kijiko cha chai.

Jumanne Ndahani aliniinulia filamu dirishani,
kwenye jua la Dodoma lisiloficha kitu:
doa jeusi, la mviringo, safi,
limekaa kushoto mwa pale tulipokusudia.
"Nusu milimita," akasema, akacheka kidogo.
Kwa ng'ombe si kitu.
Kwa panya ni mtaa mwingine kabisa:
tumelenga Makulu, tumeunguza Chang'ombe.

Tukalitafuta kosa kama watu watafutavyo ufunguo,
kwanza pale penye mwanga.
Mashine ikasema si mimi.
Kompyuta ikasema si mimi.
Tukausingizia upepo wa Julai
unaotikisa bati mpaka vikombe vinalia,
tukausingizia umeme,
tukamsingizia fundi aliyefunga kitanda na kwenda zake.

Alhamisi usiku nilibaki peke yangu
na panya nambari kumi na saba,
amelala usingizi wa dawa, masharubu yakitetemeka.
Nikampiga picha. Nikasubiri hesabu zikamilike.
Dakika kumi na moja kati ya picha na mwale,
na sikuwa nimewahi, hata siku moja,
kumtazama katika dakika hizo.
Shingo ililegea.
Kidevu kikateleza, polepole,
kama mtoto anayesinzia mgongoni.

Basi ni hilo tu.
Tulikuwa tukipiga mahali alipokuwa.

*

Mama aliporudi kutoka Dar
alikuwa na misalaba mitatu ya wino kifuani,
midogo, ya buluu,
akaambiwa asiisugue.
Mwezi mzima alioga kwa kuizunguka,
kitambaa mkononi, ndoo miguuni,
kama mtu apaliliaye karibu na mche.
Hakuuliza aliyelenga alikuwa nani,
wala kama yeye alisogea.
Niliuliza mimi, miaka mingi baadaye,
na sijaacha.

*

Nta ya nyuki nilinunua Manyoni, kipande cha elfu tatu.
Nikaiyeyusha kwenye sufuria ya maabara
(Mchiwa wa stoo bado hajanisamehe),
nikamtengenezea panya kitanda cha umbo lake,
na kijiti cha kushika meno ya mbele.
Sasa tunapiga picha mara mbili,
ya pili ikiwa mwale uko mlangoni.

Nambari kumi na saba hatapona, nisidanganye.
Mwezi ujao tutamkata tuone ndani.
Angalau tutaona tulichokusudia,
angalau hatakufa kwa ajili ya kosa letu
tukaliandika kuwa jibu.

Asubuhi Ndahani akainua filamu mpya.
Doa limekaa katikati.
Akalisogeza karibu na jicho, akanyamaza,
akatafuta ile rula yake ndogo ya chuma.
"Bado unywele mmoja," akasema,
na safari hii hakucheka.

Nikarudisha sufuria motoni.